Mama Alipopanda Mlima Kumkataa Popo

Mama yangu alipanda mlima kwa sababu moja tu: amkatae mchumba wangu akiwa ameshamwona kazini, ili baadaye mtu asije kusema alimkataa bila kumjua. Ndivyo alivyo. Hata fremu mbaya ya miwani haikatai kabla hajaivaa mwenyewe mbele ya kioo.

"Nitaenda, nitaona, nitarudi na jibu langu lile lile," aliniambia huku akikunja blanketi la pili. "Halafu usije ukanililia."

"Silii mimi."

"Macho yako yanasema mengine. Nimeuza miwani maisha yangu yote, binti yangu. Kwa macho huniwezi."

Ni kweli, anauza miwani. Duka letu ni dogo: mbele kabati la fremu, katikati pazia, nyuma chumba cha giza cha kupimia macho, na kando yake meza ya mashine ya kusagia lenzi. Mama amesaga lenzi kwa maji baridi tangu sijazaliwa, na siku hizi vidole vyake vinamuuma kila kukipoa kidogo. Lakini ukiingia dukani kwake na miwani michafu, hupati salamu. Atakuvua usoni, ataipulizia pumzi, haaa, ataifuta kwa kitambaa laini anachokaa nacho mfukoni saa zote, atakuvisha, ndipo aseme karibu. Kuna hakimu mmoja alivuliwa miwani akiwa katikati ya sentensi. Alinyamaza kama mtoto anayefutwa kamasi.

Popo naye aliingia hivyo hivyo, mchana kweupe, miwani imepasuka, anapiga miayo mpaka machozi.

"Kijana, unaumwa?" Mama alimwuliza.

"Hapana, mama. Sijalala tu. Nilikuwa juu ya mlima, napiga picha nyota."

"Usiku?"

"Mchana hazitoki, mama."

Nilicheka. Mama hakucheka. Kijana alipoondoka, mama alisema, "Yule si mtu, yule ni popo," na jina likamganda. Mimi ndiye niliyemkatia lenzi mpya, na tangu siku ile yeye ananiita Fundi. Sitazunguka mbuyu: nilimpenda. Nilimpenda kwa sababu ukimweleza jambo anaacha alichoshika, anakugeukia, anakusikiliza mpaka mwisho. Wanaume wa namna hiyo nilikuwa nikiwasikia tu.

Lakini mama alikuwa na lake, na sikuweza kumlaumu. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, na malori yake yalikuwa ya usiku. Mama alilala peke yake miaka na miaka, akisikiliza breki za watu wengine barabarani, mpaka safari moja baba hakurudi. Hakufa. Alipata nyumba nyingine huko njiani.

"Mtu anayeangalia juu usiku kucha," mama aliniuliza siku nilipomwambia nachumbiwa, "wewe atakuona saa ngapi?"

Akatoa sharti lake: Popo apate kazi ya mchana, ndipo alete watu wake tuzungumze. Asipopata, tusisumbuane.

Na kazi ya mchana ilikuwepo, tena imekaa kama imeshonwa kwa ajili yake. Mjini kulikuwa kumejengwa jumba la nyota, lile lenye paa la duara ambalo watoto wa shule wanakaa chini yake wanaonyeshwa mbingu darini. Walitaka mtu wa kuwatengenezea filamu za anga na kuendesha mitambo. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka filamu ya usiku mmoja mzima, kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, bila mkato hata mmoja. Usiku wenyewe uwe hauna mwezi. Kabla ya siku ya mwisho ya maombi ulibaki usiku mmoja tu wa namna hiyo, na ndio huo mama aliouchagua kuja kukagua.

"Mama, chagua siku nyingine," nilimsihi.

"Kwani nitazila hizo nyota?"

Basi tukapanda. Pikapu ya kukodi ilitufikisha karibu na kilele, kilichobaki tukatembea, mama mbele na chupa yake ya chai, Popo nyuma na mizigo yote mgongoni, mimi katikati na roho mkononi. Jua lilikuwa bado halijazama alipoisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaining'inizia mfuko wa mawe kwa chini isitikisike. Upepo ulikuwa unavuma haswa.

"Sasa hii inafanyaje?" mama aliuliza, amekaa kwenye kiti cha kukunja kama mkaguzi wa mitihani.

"Inapiga picha moja, mama, inapumzika kidogo, inapiga nyingine. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Halafu mimi nazipanga zifuatane, zinakimbia haraka. Unaona nyota zinatembea."

"Usiku mzima unakuwa muda gani?"

"Kama dakika mbili."

Mama akanigeukia mimi. "Usiku mzima, dakika mbili! Na wewe unataka kuolewa na hesabu hizo?"

Popo alicheka, na alipocheka alinitazama juu ya kichwa cha mama. Ni jicho la mara moja tu, lakini nililihisi mpaka miguuni. Mama, ambaye kisogoni hana macho ila anaona, alivuta kiti chake akakiweka katikati yetu.

"Haya, masharti yako ni yapi?" akamwuliza.

"Ni mawili tu, mama. Tusiwashe taa nyeupe, tutumie hizi tochi nyekundu. Na kamera isiguswe."

"Nani ataigusa? Nimekuja kuona, sikuja kushika."

Giza likaingia. Nitasema ukweli, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda naye, na nilidhani ninajua nyota. Zilitoka moja, tatu, kumi, halafu zikatoka zote kwa pamoja, mpaka pakawa hapana nafasi ya kuweka kidole. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zote hizi zilikuwa wapi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Zilikuwepo, mama," Popo akasema. "Taa za mjini zinatuzibia."

"Kile kikundi pale ni Kilimia?"

"Ndicho chenyewe."

"Bibi yangu alinionyesha nikiwa mdogo. Sikujua kama bado kipo."

Popo alichuchumaa kando ya kiti chake, akamwuliza bibi huyo alikuwa mtu wa namna gani. Na mama, jamani, mama akaeleza! Alieleza ya bibi, akaeleza ya duka, akafika mpaka kwa baba, mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasikia vipande vipande tu.

"Alikuwa akija alfajiri ananiuliza kuna chai," alisema. "Hajawahi kuniuliza nimelalaje."

Hapo nilimwona akisugua vidole chini ya blanketi, kimoja kimoja, kama anavyofanya akimaliza kusaga. Popo naye aliona.

"Mikono inakuuma, mama?"

"Baridi tu. Niache."

Aliinuka, akaenda gizani upande wa kamera, akarudi na mkanda mweusi mpana uliounganishwa na betri ndogo. Akauzungushia mikono yote miwili ya mama, taratibu, akaifunika na blanketi.

"Ee! Unatoa joto!" mama akashtuka. "Na wewe je? Huuhitaji?"

"Ninao mwingine."

Mama alifumba macho kwa raha. Nikaona bahati yangu imeanza kunyooka. Nilimvuta Popo shati, tukasogea hatua chache nyuma ya jiwe kubwa lililokata upepo, mahali ambapo mama alikuwa anatusikia lakini hatuoni.

"Anakupenda," nikamnong'oneza.

"Amependa joto."

"Usinichekeshe. Ukiikosa hii kazi utafanyaje?"

"Nitaomba nyingine."

"Nyingine ipi? Mama hatakusubiri, na mimi siwezi kuolewa huku yeye ameninunia. Nimebaki naye peke yake. Ukinitaka bila yeye, unanitaka nusu."

"Ninajua," alisema. Akanishika mkono, akauweka kifuani kwake, ndani ya koti. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na nilipojaribu kuuona uso wake niliona miwani tu, na nyota mbili tatu ndani yake. "Ninajua, Fundi. Ndiyo maana sikumwambia asije. Nataka akikataa, akatae mimi mwenyewe, si popo aliyemtunga kichwani."

Nilitaka kumbusu. Mama alikohoa kwa makusudi. Tukacheka kimya kimya, mabega yanagongana, na katikati ya kicheko Popo akatulia ghafla, akainua uso.

"Una nini?"

"Upepo umekata."

"Si afadhali? Nilikuwa nimeganda."

"Afadhali," alisema, lakini hakusema kama mtu aliyefurahi. Alianza kuinuka.

Ndipo tukaisikia. Sauti ninayoijua kuliko jina langu.

"Haaa!"

Tulitoka nyuma ya jiwe mbio. Mama alikuwa amesimama mbele ya kamera, blanketi limemwangukia miguuni, tochi nyekundu ameibana kwapani, mkanda unaning'inia mkononi. Alikuwa ameigeuza kamera imtazame yeye, ameikamata lenzi kwa vidole viwili kama anavyokamata pua ya mteja, na kitambaa chake laini kinazunguka juu yake.

"Mmekaa mnacheka huko, na kioo kimeshika ukungu huku!" alisema. "Kimejaa umande mtupu! Unapigaje picha na kioo kama hiki, kijana? Nimekusafishia. Sasa ona, kinang'aa."

Kamera ikalia, klik, ikampiga picha.

"Mama!" Nilipiga kelele. "Mama, umefanya nini? Uliambiwa..."

Popo alinibana mkono. Usiku wote ule, miezi yote ile ya kungoja, kazi, harusi, vyote vilikuwa vimeangalia upande mwingine.

"Asante, mama," akasema. "Kweli kilikuwa kimechafuka. Nilikuwa sijaona."

Akairudisha kamera ilikokuwa ikitazama, kwa kukadiria tu, akaacha iendelee. Mama akarudi kitini ameridhika, akajifunga mkanda wake upya, akalala usingizi mnono. Mimi sikulala. Kila baada ya muda Popo alikuwa anakwenda kwenye lenzi, anaifunika kwa viganja vyake bila kuigusa, kati ya picha na picha, mpaka kukapambazuka.

Tuliporudi, mama alipoingia ndani, nilimsimamisha Popo mlangoni.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amekuharibia! Kwamba filamu ina mkato! Yeye ndiye aliyeweka sharti, halafu yeye huyo huyo... Wewe umekaa tu, asante mama, asante mama! Hupigani hata kidogo kwa ajili yangu?"

"Alikuwa ananisaidia, Fundi."

"Atakukataa!"

"Basi anikatae akiwa na furaha." Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi na kwa jambo jingine pia. "Ungetaka ashuke mlima akijilaumu? Mama yule?"

Niliufunga mlango. Nililia jikoni huku maji ya bomba yakitiririka, ili mama asinisikie.

Siku chache baadaye Popo alikuja dukani na filamu yake. Alitaka mama aione kabla hajaipeleka, kwa sababu alikuwa amemwahidi. Tuliingia watatu kwenye chumba cha kupimia macho, kwa kuwa ndicho chenye giza, tukaiwasha kwenye kompyuta. Mama alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo ndani yake.

Jua lilizama kama limesukumwa. Nyota zikamwagika. Kilimia kilipanda, na nyuma yake likanyanyuka lile wingu jeupe la nyota, likainuka juu ya mlima wa ng'ambo polepole, zuri mpaka nikasahau kwamba nimenuna. Halafu pembeni mwa picha kukaanza kufifia. Ukungu ukatambaa kutoka kila upande, nyota zikavimba, zikawa madoa, zikazimika. Kikatokea kitu kikubwa, chekundu, kisicho na umbo, kikafunika anga lote. Kisha pu! Nyota zikarudi safi kabisa, lakini mlima haukuwa pale ulipokuwa.

"Rudisha," mama akasema.

Popo akarudisha.

"Hilo jekundu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu wa jumba walisema kusiwe na mkato."

Mama alinigeukia mimi, na mimi niliangalia ile chati ya herufi ukutani kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

"Sasa nikuulize kama fundi mwenzio," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazi, ile anayotumia mteja akileta miwani iliyokaliwa na kusema imevunjika yenyewe. "Miaka yote hii unapanda kule. Baridi yake unaijua, umande wake unaujua. Kioo chako unakikinga na nini?"

"Siku nyingine upepo unatosha, mama. Ukivuma, umande hautui."

"Na usipovuma?"

Popo aliangalia kamera yake mezani.

Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, ule ule wa kitambaa, akatoa ule mkanda mweusi. Alikuwa ameuweka tangu mlimani. Kila asubuhi nilikuwa namwona ameuvaa mikononi kabla ya kuanza kusaga, ananisifia kijana mwenye vifaa. Akaivuta kamera ya Popo iliyokuwa mezani. Akauzungusha mkanda kwenye lenzi. Ulifika, ukafunga barabara, hakuna kilichozidi wala kupungua.

"Mikononi kwangu unalegea," alisema. "Jana nimejiuliza, huu mkanda ulikatwa kwa kipimo cha nini? Nimepima vitu vya duara maisha yangu yote, kijana." Akainua uso. "Uliniambia unao mwingine. Uko wapi?"

Popo alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, vibaya, kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Haupo, mama."

"Ni huu mmoja?"

"Ni huo mmoja, wa kupashia lenzi joto isishike umande. Mikono yako ilikuwa inauma. Nikasema labda upepo utaendelea."

Mimi ndipo nilipoelewa. Nilikumbuka ule mlango nilioufunga usoni mwake, na nikatamani ardhi inimeze, mashine na kabati na vyote. Nilimtazama Popo, yeye alikuwa anamtazama mama, kwa hofu, kama aliyekamatwa ameiba.

Mama aliinuka kitini. Akamnyang'anya ile miwani. Akaipulizia pumzi, haaa, akaifuta kwa kitambaa chake, pande zote mbili, mpaka kwenye vishikizo, akamvisha mwenyewe.

"Kazi watakupa?" alimwuliza.

"Sidhani, mama. Lakini nitaipeleka hivyo hivyo."

"Ipeleke. Na chukua mkanda wako."

"Ubaki nao, ma..."

"Chukua! Unataka kioo kishike ukungu tena?"

Popo aliuchukua, akatuaga, akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake. Mama alirudi kwenye meza ya mashine, akafungua maji, akachukua lenzi ya mteja, lakini hakuisaga. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, ya kuomba, ya kugomba, ya kupiga magoti kama ikibidi.

"Mama..."

"Subiri." Alifunga maji. Akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Nilikuuliza yule kijana anayeangalia juu usiku kucha atakuona saa ngapi. Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Zile nyota zote zilikuwa mbele yake, na kazi yake iko rehani, na giza lile. Akaona vidole vyangu, tena viko chini ya blanketi." Nilipomchungulia nilikuta miwani yake mwenyewe imeshika ukungu, na hakuwa na habari nayo. "Baba yako nimekaa naye miaka yote ile, hajaviona mpaka leo."

Akanigeukia, akaniona bado nimesimama.

"Unanisimamia nini? Mkimbilie, hajafika mbali, na atembeavyo na usingizi ule atagongwa bure. Mwambie alete watu wake."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, aliponiita tena.

"Na waje mchana!" alipaza sauti. "Mimi usiku nalala."